Sini ya Kwanza Inaanzia Wapi?

 

Mwezi huu nataka tuongelee mwanzo. Waulize mke na mume waliokaa pamoja miaka kumi jinsi walivyoanza, halafu tulia usikilize. Baba atakwambia ilianzia kwenye harusi ya binamu yake, siku alipomwona bibie na gauni la kijani. Mama atacheka na kusema, "Muongo huyo! Alishanipita dukani mara tatu kabla ya hapo akajifanya hanioni." Hakuna anayedanganya. Kila mmoja ana sini yake ya kwanza. Balaa linaanza pale mmoja anaposhika kamera na kuamua peke yake kwamba hadithi ya wote inaanzia pale alipokuwa amesimama yeye.

Nasema kamera kwa sababu safari hii kamera ilikuwepo kweli. Mwezi wa saba nilikuwa Mpanda kwa mdogo wangu, ambaye ni mwalimu na anakaa Makanyagio. Kwa wale ambao Mpanda mnaisikia redioni tu, huo ndio mji mkuu wa Mkoa wa Katavi, mkoa uliozaliwa mwaka 2012 baada ya kumegwa kutoka Rukwa. Ni mji wa vumbi jekundu, mchele mtamu, asali ya kutoka pande za Inyonga na migebuka wa Ziwa Tanganyika. Na watu wake wakikukaribisha, wamekukaribisha.

Jirani na kwa mdogo wangu kulikuwa na kundi la wanachuo sita. Wametengeneza kikundi chao, wanataka kushuti filamu fupi ya dakika kumi. Vifaa vyao vilikuwa simu mbili, maiki moja ya kuazima na shuka jeupe la kurudishia mwanga usoni. Basi! Wakaniomba niigize mama wa jirani, kwa sababu, walisema, "anti una sura ya kuuliza maswali." Nikakubali, ila hilo la sura bado nalifikiria.

Majina yao siwapi. Nitawaita kwa kazi zao: Dairekta, ambaye ni binti wa miaka ishirini na moja mwenye sauti ya mwalimu wa zamu, Kamera, kijana mpole asiyesema sana, Steringi, binti anayeigiza mhusika mkuu, na Boda, kijana aliyepewa nafasi ya dereva wa bodaboda. Wawili wengine walikuwa wa sauti na wa kila kitu. Na ujue mapema: Kamera na Steringi ni wapenzi. Ndiyo maana mimi nipo kwenye hadithi hii.

Viboko, treni na geti

Filamu yenyewe ilihusu binti wa sekondari anayeacha shule baada ya kupata mimba. Si hadithi ya kutunga hewani. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015/16 ulionyesha kuwa Katavi, katika kila wasichana mia moja wa miaka 15 hadi 19, 45 walikuwa wameshazaa au ni wajawazito. Kitaifa walikuwa 27. Ni mkoa ulioongoza nchi nzima mwaka ule. Utafiti wa 2022 ulionyesha idadi ya kitaifa imeshuka hadi 22, lakini ile arobaini na tano bado watu wa Katavi wanaikumbuka, na vijana hawa walikua wakiwaona wenzao wakipungua darasani mmoja mmoja.

Sasa kazi ikawa: filamu ianze vipi? Tulikaa chini ya mwembe mchana mzima. Mmoja akasema tuanze na viboko wa Sitalike, kwenye lango la Hifadhi ya Taifa ya Katavi. Dairekta akamuuliza, "Kiboko anahusikaje na mimba?" Akajibu, "Wageni wanapenda." Tulicheka hadi jirani akachungulia.

Boda yeye alitaka geti lifunguliwe, gari liingie taratibu, mtu ashuke na miwani. Unaijua hiyo sini, si ndiyo? Tumekua nayo. Enzi zile za muvi za akina marehemu Kanumba, tunanunua CD mtaani, dakika tano nzima ni gari tu linaendeshwa na muziki unalia. Dairekta akamwambia, "Hilo gari tutalitoa wapi, na geti letu lenyewe la miti?"

Dairekta mwenyewe aliitamani stesheni. Mpanda ndio mwisho wa reli ya tawi inayotoka Kaliua, kilomita 210, reli iliyojengwa enzi za Mwingereza kwa ajili ya kubebea madini ya risasi. Aliwaza binti amesimama na begi, treni inaingia. Akatukumbusha kwamba ndugu wawili wa Kifaransa, Auguste na Louis Lumière, waliwaonyesha watu treni ikiingia stesheni ya La Ciotat tangu mwaka 1896, na mpaka leo inazungumzwa. Wazo zuri, ila treni ya Mpanda haiji kila siku, na kushuti stesheni kunataka kibali chake. Dairekta akaliweka pembeni huku roho inamuuma.

Wakaafikiana hivi: binti wa shule anatembea barabarani na sare. Bodaboda inasimama. Kijana anampa chipsi mayai kwenye mfuko, anatabasamu, binti anapanda nyuma, anamshika kiuno, wanapotea kwenye vumbi. Jina la filamu linatokea. Kila mtu akasema, "Hapo sawa!" Kila mtu isipokuwa Kamera.

"Kwani lazima amshike?"

Mwanzoni Kamera alikuja na sababu za kitaalamu. Eti vumbi litaharibu simu. Eti shoti ipigwe kutoka mbali, mita mia hivi, wasionekane vizuri. Halafu akapendekeza binti akae kwa upande, ashike chuma cha nyuma. Mwisho akaishiwa utaalamu: "Kwani lazima amshike?"

Kimya. Boda akaangalia viatu vyake.

Steringi aliniuma sikio jioni ile tukichambua mchele. "Dada, wiki nzima amenuna. Nikisoma skripti ananiuliza kwa nini nacheka kwenye mstari huu. Mstari umeandikwa 'anacheka'!"

Wapenzi wasomaji, wivu ni kitu cha kawaida, na mtu asikudanganye kwamba anayependa haoni wivu. Lakini kuna wivu unaosema "naumia, nisaidie", na kuna wivu unaojificha nyuma ya kazi na kuanza kupanga maisha ya mwenzio kwa jina la utaalamu. Huyu wa pili ni hatari, kwa sababu ukibishana naye mtabishana kuhusu vumbi na simu mpaka asubuhi, na kidonda hakitatajwa.

Nilimwambia Steringi amwambie hivyo hivyo, bila kuzunguka. Akamwambia mbele yangu: "Mimi nikiwa na sare ile sio wako wala sio wa Boda. Ni yule binti. Kama huwezi kumwona yeye, mpe mwingine simu ashuti." Kamera hakujibu. Alichukua simu akaenda kupiga picha kuku.

Mimi nikadhani hilo ndilo litakuwa tatizo letu kubwa. Wapi!

"Nasikia mnaniigiza"

Hadithi ya filamu ile ilikuwa na mwenyewe. Dairekta alikuwa ameichukua kutoka kwa dada mmoja, mtoto wa mama yake mkubwa, ambaye ana mgahawa mdogo wa ugali na migebuka pale mjini. Alipata mimba akiwa kidato cha pili, wakati ambao msichana akipata mimba shule ndiyo basi tena. Ruhusa ya kurudi kwenye mfumo rasmi baada ya kujifungua serikali iliitangaza Novemba 2021, na yeye wakati huo tayari alikuwa na sufuria, wateja na mtoto wa kusomesha.

Hakuna aliyemuuliza. Waliona kwa kuwa jina limebadilishwa, yameisha. Lakini Mpanda si Dar, habari inatembea kuliko bodaboda. Siku mbili kabla ya kushuti, Dairekta akapata ujumbe: "Mdogo wangu, nasikia mnaniigiza. Njooni mle."

Twende tusiende? Tukaenda, wote saba. Akatupakulia kwanza. Mtu anayekupakulia kabla ya kukusema, huyo mwogope. Tulipomaliza, akafuta meza akasema, "Haya, nisimulieni inaanzaje."

Dairekta akaeleza: barabara, sare, bodaboda, chipsi, kiuno, vumbi. Sauti ya mwalimu wa zamu yote ilikuwa imekwisha.

Dada yule alinyamaza kidogo. Halafu akasema maneno ambayo nimeyaandika kwenye daftari langu usiku ule ule:

"Mmeanza vibaya. Mtu akiona binti anapanda pikipiki kwenye sini ya kwanza, ameshahukumu. Atasema kajitakia, chipsi zimemponza. Hata mkimwonyesha analia dakika tisa zilizobaki, hatamhurumia tena. Mimi sikuanzia kwenye pikipiki. Mimi nilianzia kwenye sado la unga."

Akatusimulia. Kwao kulikuwa mbali na shule, saa mbili na zaidi kwa mguu, na mvua zikinyesha mto unafunga njia. Wazazi wakamtafutia chumba karibu na shule pamoja na wenzake wawili. Geto, kama wanavyoita. Watoto watatu wa miaka kumi na mitano, hakuna mtu mzima. Jumapili anatoka nyumbani na sado moja la unga na maharage. Ikifika Jumatano, unga umekwisha. Alhamisi na Ijumaa ni hesabu. "Huyo wa pikipiki alikuja Alhamisi," akasema. "Wangemleta Jumatatu nisingemwangalia hata usoni."

Nakwambia hata Kamera aliacha kuchezea simu.

Halafu akaweka masharti. Jina lake lisitajwe, mtaa wake usionekane, na mgahawa pia. Aione sini kabla ya mtu mwingine yeyote. Na la mwisho: katika skripti filamu ilikuwa inafungwa kwa picha ya binti amebeba mtoto, na maandishi ya kuwaonya wasichana. Dada akaweka kidole juu ya ule ukurasa. "Mwanangu yuko darasa la tano. Anasoma vizuri, na simu anajua kushika. Siku moja ataiona hii. Mwanangu sio onyo. Hiyo toeni."

Dairekta aliifuta pale pale kwa kalamu. Alilia, lakini kidogo, akaogopa kuonekana anaigiza.

Jua la Mpanda

Kwa hiyo sini ikaandikwa upya usiku mmoja. Hakuna pikipiki. Chumba kidogo, asubuhi. Mkono unaingia ndani ya sado na kikombe, kikombe kinakwangua chini. Sauti ile ya bati, krrr, krrr. Binti anapima, anarudisha kidogo kwa ajili ya kesho. Anavaa sare. Anatoka. Yuko njiani peke yake, kamera iko mbele yake, na nyuma kwa mbali unasikia pikipiki inakuja. Hageuki. Jina la filamu.

Kiuno hakikushikwa na mtu. Lakini usidhani Kamera aliponea hapo. Sini mpya ilimtaka awe karibu na uso wa Steringi kuliko ile ya kwanza, sentimita thelathini hivi, amtazame akiwa na njaa. Na walikuwa hawaongei.

Mmoja wao aliyekulia Dar ndiye aliyepanga ratiba: saa kumi na mbili na robo asubuhi tuanze na mwanga laini. Tukafika, giza! Mpanda iko magharibi, na mwezi wa saba jua linachomoza karibu saa moja asubuhi, zaidi ya nusu saa nyuma ya Dar. Tukakaa kwenye ndoo tunapiga miayo. Na hapo ndipo, kwenye lile giza, nikamsikia Kamera akimwambia mwenzie taratibu, "Jana nilikuwa naogopa watu watanicheka. Kwamba demu wangu anabebwa na mchizi mwingine na mimi ndiye napiga picha." Steringi akamjibu, "Ungesema hivyo tangu Jumatatu, tungekuwa tumeshacheka wote."

Hilo ndilo lilikuwa lote. Hakuna maua wala kupiga magoti. Jua likatoka wakaanza kazi.

Walirudia mara nane. Mara ya kwanza jogoo, mara ya pili redio ya jirani, mara ya tatu watoto wamejaa mlangoni. Mara ya tano mama mmoja akaja kuuliza kama ni kweli binti wa mama fulani "anapigwa picha mbaya". Bahati nzuri Dairekta alikuwa na barua ya afisa utamaduni, mwenyekiti wa mtaa ana taarifa, na mama mzazi wa Steringi alikuwa amekaa pale pale kwenye ndoo anakula muhogo. Akamjibu mwenyewe: "Mwanangu ndiye huyo, na mimi ndiye huyu. Karibu ukae."

Jioni tukapeleka simu mgahawani. Dakika moja na sekunde arobaini. Dada akatazama mara ya kwanza, akatazama ya pili. Ya tatu akazima sauti. Sote tumebana pumzi. Akasema, "Unga ulikuwa wa dona. Ninyi mmeweka sembe. Tungekuwa na hela ya kukoboa nisingekuwa kwenye hiyo filamu."

Kesho yake asubuhi wakarudia kwa unga wa dona.

Kabla hujabonyeza rekodi

Haya, tuache stori tuje kwenye mambo yenu. Najua wengi wenu hamshuti filamu. Lakini nani siku hizi hana simu? Na nani hajawahi kumsimulia mpenzi wake, mke wake au shoga yake mbele za watu? Zingatia haya:

Moja. Hadithi ya mtu ni mali yake hata kama mnatoka tumbo moja. Kubadilisha jina si ruhusa. Nenda kaombe, na uombe kabla hujaandika. Sheria nayo imeamka: tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, ilianza kutumika 2023. Ila ukisubiri sheria ndiyo ikufundishe heshima umechelewa.

Mbili. Ukisimulia ugomvi wenu, jiulize umeanzia wapi. "Alinifokea" ni sini ya pikipiki. Nyuma yake kuna Jumapili, Jumatatu na Jumanne zako wewe. Rudi nyuma hadi kwenye sado.

Tatu. Mpenzi wako akiwa na kazi inayomweka karibu na watu wengine, sema unachoogopa kwa jina lake. Sema "naogopa kuchekwa", sema "naogopa utaniacha". Usiseme vumbi.

Nne. Na wewe unayefanya kazi hiyo, usimwambie mwenzio "una wivu wa kishamba" ukadhani umemaliza. Mwonyeshe skripti, mwonyeshe mpaka wako uko wapi. Kama hata baada ya hapo anataka uache kazi, hapo tunaongea habari nyingine.

Tano, kwa vijana wa filamu. Vibali ni kazi, sio usumbufu. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ipo tangu 1976 na kibali kinatolewa na Bodi ya Filamu. Afisa utamaduni wa halmashauri yenu ndiye wa kumwona kwanza. Hifadhi ya taifa na stesheni wana utaratibu wao. Mzazi wa muigizaji mchanga mlete lokesheni, mpe kiti. Au ndoo.

Sita, kwa sisi watu wazima tunaotazama. Tangu 2016 sheria ya elimu inasema anayempa mimba mwanafunzi anaweza kufungwa miaka thelathini. Ni adhabu kali na haki yake. Lakini kifungo kinakuja kwenye sini ya mwisho. Unga, chumba chenye mtu mzima ndani na shule iliyo karibu ni sini ya kwanza, na hiyo iko mikononi mwetu. Kama kuna watoto wamepanga geto mtaani kwako, Alhamisi hii wagongee mlango uwaulize wamekula nini.

Filamu yenyewe vijana bado wanaimalizia. Sini ya pili inanihusu mimi, jirani mwenye sura ya maswali, na Dairekta ameshaniambia nipunguze kuongea. Yeye pia!

Una hadithi ya mwanzo wako na mwenzio? Niandikie, ila mwenzio aandike ya kwake kwenye karatasi nyingine, msionyeshane. Tukutane mwezi ujao.